Uandishi wa Matangazo ya Biashara kama Taaluma: Njia ya Kazi ya Mwandishi na Mambo Yanayomshughulisha, kwa Kurejelea Soko la Kigoma na Ujiji

1.0 Utangulizi

Katika kampuni za masoko na matangazo nchini Tanzania yupo mtu ambaye kazi yake husomwa na kusikika kila siku, lakini jina lake halijulikani. Ndiye atungaye maneno ya bango la barabarani, tangazo la redio la sekunde 30, maandishi ya mgongoni mwa pakiti na ujumbe mfupi unaoingia katika simu ya mkononi. Katika makala haya mtu huyo anaitwa mwandishi wa matangazo. Wateja wengi humwita "mtu wa matangazo", jina linalomchanganya na mchoraji wa bango, msomaji wa redio na hata afisa anayekwenda kudai malipo. Mkanganyiko huo una athari zake. Mteja asiyejua nani ametunga maneno hujiona amelipia rangi, karatasi na muda wa hewani, na maneno huyahesabu kuwa nyongeza ya bure.

Lengo la makala haya ni kueleza kazi hiyo: namna mtu anavyoingia humo, mambo yanayomshughulisha akiwa kazini na nje ya kazi, na pale ambapo ujuzi wake hupimwa kweli. Soko la Kigoma na Ujiji limeteuliwa kuwa rejeleo kwa sababu mbili. Kwanza, ni soko ambalo bidhaa zake, hasa dagaa na mawese, zina majina yenye nguvu ya kuuza ambayo hayakutungwa na kampuni yoyote. Pili, ni soko lililo mbali na mahali ambapo matangazo mengi ya nchi huandikwa. Umbali huo huonyesha waziwazi mambo ambayo mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuyatambua.

2.0 Maneno yaliyouza kabla ya kuwapo kampuni

Si sahihi kudhani kwamba uandishi wa matangazo ulikuja na redio au televisheni. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliikuta njia ya biashara ambamo mfanyabiashara asiyejua majina ya shanga alirudi na mzigo wake. Kila eneo lilikubali shanga zake na kuzikataa nyingine. Shanga ndogo nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa miongoni mwa zilizothaminiwa zaidi, na katika majina yake mengine aliyoyaorodhesha msafiri huyo limo moja lenye maana ya kuvunja miji, kwa maelezo kwamba wanawake walizipenda kupita kiasi, na jingine lenye maana ya kumaliza chakula. Aliyebuni majina hayo hatajwi popote. Hata hivyo, alifanya kile kile kinachofanywa leo katika ofisi za matangazo: aliiacha sifa ya kitu chenyewe, ambayo ni wekundu na udogo, akakiita kwa jambo kinachomtendea mnunuzi. Katika soko la Ujiji zilitumika pia shanga za aina nyingine, zilizoitwa sofi, kama fedha ya kununulia samaki, nafaka na mafuta. Kwa hiyo jina la shanga halikuwa pambo. Lilikuwa sehemu ya thamani yake.

Nguo nayo ilikuwa na jina lake. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani kiliitwa merikani, na jina hilo likaendelea kutumika hata pale ambapo kitambaa chenyewe kilifumwa kwingine. Mfano huu utakumbukwa hapo mbele, kwa sababu unaonyesha jinsi jina la mahali linavyoweza kuachana na mahali penyewe.

Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilizaa maneno ambayo hadi leo hutangulia kila maelezo ya mji huo: Kigoma, mwisho wa reli. Maneno hayo hayatajwi na mtungaji, yana silabi chache, na hakuna Mtanzania mzima asiyeyajua. Kwa vipimo vya taaluma ni kaulimbiu iliyofaulu. Kasoro yake ni kwamba humtazama mtu anayetoka Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Mwanga au Gungu reli huanzia hapo hapo, na baadhi ya wenyeji huyageuza maneno hayo kwa makusudi wakisema mwanzo wa reli. Badiliko hilo la neno moja ni somo kamili la uandishi wa matangazo, kwani hoja haipo katika uzuri wa maneno bali katika swali la nani amesimama wapi anapoyatamka.

Katika miaka ya siasa ya Ujamaa matangazo ya kibiashara yalikuwa machache, ingawa Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na idhaa yake ya biashara. Kazi kubwa ya kutunga maneno machache ya kuugusa umma ilifanywa na kampeni za elimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilidumu kwa wiki 12 na kuwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Jina lake lina maneno matatu tu, yote ya kawaida, na halina kitenzi cha kuamuru. Wengi wa wanaoandika matangazo ya afya siku hizi wangefaidika kulitafakari kabla ya kuandika "zingatia", "epuka" na "hakikisha".

3.0 Njia ya kuingia kazini

Ofisi za kampuni kubwa za matangazo nchini zipo Dar es Salaam. Upanuzi wa kazi hii ulianza katika miaka ya 1990, baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi vya redio na televisheni, na uliongezeka pale kampuni za bia na baadaye za simu zilipoanza kushindana. Kijana wa Kigoma anayetaka kazi hiyo, kwa hiyo, husafiri umbali ule ule wa reli, takribani kilometa 1,250, na mara nyingi hatoki nyumbani akiwa na nia ya kuwa mwandishi wa matangazo. Hutoka kusoma Kiswahili, uandishi wa habari, au uhusiano wa umma na masoko, kisha akaiona kazi hiyo akiwa tayari mjini.

Shahada huwapa waajiri ishara kwamba mtu anaweza kuandika sentensi iliyonyooka, lakini kinachoangaliwa zaidi ni kabrasha la kazi alizokwisha kuandika. Hapo ndipo penye ugumu kwa anayeanza: haajiriwi bila kazi za kuonyesha, wala hapati kazi za kuonyesha bila kuajiriwa. Wengi huvuka kwa kuandikia redio za mikoani, kanisa au msikiti, duka la ndugu, au kwa kutunga matangazo ya bidhaa ambazo hakuna aliyewaagiza kuzitangaza. Njia hii ya mwisho hudharauliwa bila sababu. Mtu aliyetunga tangazo la mafuta ya mawese kwa hiari yake ameonyesha jambo ambalo cheti hakionyeshi.

Akishaajiriwa, siku yake huanza na brifu, yaani maelekezo ya mteja kuhusu bidhaa, mnunuzi, muda na bajeti. Katika ofisi nyingi brifu huja kwa Kiingereza. Mwandishi hufikiri kwa Kiingereza, huandika kaulimbiu ya Kiingereza ili wakubwa waikubali, kisha huombwa "aiweke kwa Kiswahili". Utaratibu huo ndio chanzo cha matangazo mengi yenye sarufi sahihi na yasiyo na uhai. Kiswahili hakikushindwa. Kiliitwa kikao kikiwa kimekwisha. Waandishi wenye uzoefu hufanya kinyume: hutunga kwanza kwa Kiswahili, kisha huandika maelezo ya Kiingereza kwa ajili ya mteja.

Vipimo vya kazi ni vikali. Sekunde 30 za redio hubeba takribani maneno 60 yakisomwa kwa mwendo wa kawaida, na humo lazima viingie jina la bidhaa, sababu ya kuinunua na mahali inapopatikana. Bango la barabarani husomwa na mtu aliye ndani ya basi. Ujumbe wa simu una herufi 160. Neno la Kiswahili lenye viambishi vingi hula nafasi kubwa, na mwandishi hujifunza upesi kwamba "tunakukaribisheni" na "karibuni" hufanya kazi moja kwa gharama tofauti. Kupanda cheo humpeleka kwenye uandishi mwandamizi na baadaye usimamizi wa ubunifu, ambako huandika kidogo na kuhariri sana. Wapo wanaoikataa hatua hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

4.0 Mambo yanayomshughulisha mwandishi

Ukiuliza mwandishi wa matangazo anapenda nini, jibu la kwanza huwa kusoma. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. David Ogilvy, ambaye alianzisha kampuni yake New York mwaka 1948, alikuwa ameuza majiko mlango kwa mlango huko Scotland na kufanya kazi katika utafiti wa maoni kabla ya kuandika tangazo lolote lililompa sifa. Ujuzi wake ulitoka katika kusikiliza jinsi watu wanavyokataa. Salman Rushdie naye aliandika matangazo jijini London kwa miaka kadhaa huku akiandika riwaya. Kazi hizi mbili zimekutana katika watu wengi, na Kigoma ina jirani wa karibu wa mfano huo: Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyezaliwa mkoani humo, hakuwa mwandishi wa matangazo kwa ajira, lakini jina la kitabu kama Pesa Zako Zinanuka lingeweza kusomwa dirishani mwa duka na kumsimamisha mpita njia. Alikuwa pia mchapishaji, na mchapishaji hujua kwamba jalada ndilo tangazo la kwanza.

Zaidi ya vitabu, mwandishi huyu hupenda maneno yaliyoandikwa mahali yasipotarajiwa: majina ya kanga, maandishi ya mabasi na maboti, mafumbo ya taarabu, vibao vya vinyozi. Kanga inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ni bidhaa ambayo maneno ni sehemu ya kitu kinachouzwa. Mnunuzi anaweza kuiacha kanga yenye rangi aipendayo kwa sababu jina lake litaleta ugomvi na jirani, au kuinunua kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aina nyingine ya uandishi wa kibiashara katika Kiswahili ambamo uamuzi wa mnunuzi hutegemea maneno kwa kiwango hicho.

Jambo linalowatofautisha walio hodari ni hamu ya kujua neno linasikikaje kwa asiye wao. Kigoma hapa ni mwalimu mgumu. Ujiji ni mji wa Kiswahili wa siku nyingi, wenye wakazi ambao asili zao ziko Manyema na ng'ambo nyingine za ziwa. Wilaya za Kasulu, Kibondo na Buhigwe ni nchi ya Waha. Mwaloni Kibirizi husikika Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo, ambamo akina mama ni bamama na ndege ni ndeke. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imewalea watoto wa Kikongo waliojifunza Kiswahili pande zote mbili. Tangazo moja likirushwa hewani huwafikia wote hawa kwa dakika ile ile.

Tatizo la kwanza si msamiati bali heshima. Salamu ya asubuhi ya Kiha, mwakeye, hubeba kiambishi cha wingi hata ikielekezwa kwa mtu mmoja. Msikilizaji aliyelelewa na salamu hiyo husikia redioni: "Jiunge sasa! Usizubae! Pata bando lako!" Kwa kijana wa Kinondoni huo ni uchangamfu. Kwa mzee wa Kasulu ni kijana asiyemjua aliyeingia uani bila hodi na kuanza kutoa amri. Haiwezekani kusema ni wangapi huacha kununua kwa sababu hiyo, na pengine hununua wakiwa wamekunja uso. Lakini mwandishi anayejali kazi yake hawezi kuridhika na mauzo yanayopatikana kwa kuwaudhi wanunuzi, hasa tangazo linapohusu chanjo au kliniki ya wajawazito, ambako aliyeudhika haendi kabisa. Marekebisho mara nyingi ni madogo. "Karibuni" badala ya "njoo", sauti ya mtu mzima badala ya kijana, na kuanza kwa salamu badala ya kelele, hata kama salamu hiyo itakula sekunde tatu zilizolipiwa.

5.0 Maneno matatu: dagaa wa Kigoma

Mfano ulio mzito kuliko yote katika soko hili ni jina lenyewe la dagaa wa Kigoma. Sokoni Kariakoo muuzaji akitamka maneno hayo ametaja bei. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wengi huwaita dagaa wa Mwanza, ni samaki wa jamii nyingine kabisa na huuzwa kwa bei ya chini. Wale wa Tanganyika ni wa jamii ya sadini, wa aina mbili, ambao huvuliwa usiku kwa taa na kupumzishwa mwezi unapokuwa mpevu. Mwaloni Katonga na Kibirizi huanikwa juani, na kazi ya kuanika, kugeuza na kuchambua hufanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Wakianikwa ufukweni huokota mchanga. Wakianikwa juu ya vichanja hubaki safi, lakini kichanja kinahitaji mbao, wavu na nafasi.

Sifa iliyomo katika maneno hayo matatu imejengwa na wachambuzi hao, kwa kutupa kilichoharibika na kufungasha kilicho kizima, miaka na miaka. Hakuna mwandishi aliyelipwa kuyatunga, na ndiyo sababu ni rahisi kuyachukua. Kama ilivyokuwa kwa merikani, jina linaweza kusafiri na kuiacha bidhaa nyuma.

Tuseme mfungashaji wa Dar es Salaam anampa mwandishi brifu ya pakiti ya gramu 250, akitaka iandikwe "Dagaa Halisi wa Kigoma, Bora na Safi". Mwandishi asiye na hamu ya kujua ataiandika hivyo na kuikabidhi siku hiyo hiyo. Mwandishi anayeijua kazi atauliza walikaushwa wapi, juu ya nini, na nani aliwanunua mwaloni. Maswali hayo yana faida ya moja kwa moja kwa uandishi. Maneno "halisi", "bora" na "safi" yamechoka, maana yameandikwa pia katika pakiti za wanaodanganya. Mpishi anayeosha dagaa mara nne ana tatizo moja analolijua kwa meno yake, nalo ni mchanga. Kwa hiyo sentensi ya kawaida kama "Wameanikwa juu ya vichanja Katonga, hawakugusa mchanga" inauza zaidi ya sifa tatu zilizopangwa pamoja, kwa sababu inasema jambo linaloweza kuhakikiwa jikoni jioni hiyo. Na inaweza kuandikwa tu ikiwa ni kweli.

Ikiwa si kweli, yaani ikiwa dagaa wa maziwa mawili wamechanganywa kabla ya kufungashwa, sheria ina la kusema. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 hukataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, pamoja na mahali ilikotoka, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Lakini sheria humwangalia kwanza mwenye bidhaa, na mwandishi hubaki nyuma ya pazia. Ni nafasi ya ajabu: maneno ni yake, uongo ni wa mteja, na hasara ni ya mwanamke wa Katonga ambaye hatapata kuiona pakiti hiyo. Mnunuzi aliyekuta dagaa wachungu ndani ya pakiti yenye jina la Kigoma hamlaumu mfungashaji ambaye hamjui. Hulaumu Kigoma.

Ndiyo maana swali la mwandishi kwa mteja wake lina uzito kuliko kaulimbiu atakayoitunga baadaye. Wapo wanaolikwepa kwa kuandika "ladha ya Kigoma" au "kama wa Kigoma", maneno yanayoponyoka mkononi mwa sheria. Ujanja huo ni wa kitaaluma kweli, na ni mbaya kuliko uongo wa wazi, kwa kuwa hutumia ujuzi wa lugha kumnyima msomaji uwezo wa kuhoji. Njia ya heshima ipo na haina gharama kubwa. Pakiti iandikwe dagaa, itaje maziwa yote mawili, na mwandishi atafute sifa ya kweli ya mchanganyiko huo, kwa mfano bei yake, ambayo kwa familia nyingi ni sifa ya kwanza.

Mwaka 2024 jaribio jingine liliikuta biashara hii. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu dagaa wapya hawakushuka mwaloni. Pakiti inayosema "wapya kila siku" ikawa inasema uongo bila mtu yeyote kubadilisha herufi. Muuzaji wa dagaa waliokaushwa kabla ya katazo alikuwa na jambo la kweli la kusema ambalo halikuwahi kuwapo kabla: kwamba dagaa hao walivuliwa kabla ziwa halijapumzishwa, na kwamba wakiisha atangoja kama wanavyongoja wavuvi. Sentensi hiyo ingehitaji kuandikwa upya tarehe 16 Agosti.